Powell alibaki na chama chake, Kingunge ilibidi aondoke

Septemba 2024, Dick Cheney, Mrepublican aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alipotangaza kwamba atampigia kura Kamala Harris wa chama cha Democratic, swali la kwanza kwenye grupu letu la ukoo lilitoka kwa binamu yangu aliyeko Muheza: "Kahamia lini kwa kina Obama?" Nikamjibu hajahama. "Kwa hiyo wamemfukuza?" Hapana. "Sasa yuko wapi?" Yuko palepale alipokuwa. Grupu likanyamaza, halafu mtu akaleta tangazo la hitma na mazungumzo yakaishia hapo.

Binamu yangu si mjinga. Ni katibu wa tawi na siasa anaijua kunishinda. Kilichomkwamisha ni kwamba kwetu jambo hilo halipo. Mtu mzima wa chama anaweza kununa, anaweza kukaa kimya, anaweza kuhama. Lakini asimame hadharani aseme "safari hii kura yangu nampa mgombea wa wenzetu", kisha kesho yake aendelee kuwa mwana-CCM au mwana-Chadema kama jana? Nani kawahi kuliona hilo? Mimi naliona ni pengo, na kadiri ninavyozidi kukaa Marekani ndivyo ninavyoliona lilivyo kubwa.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa Colin Powell, Jumapili ya Oktoba 19, 2008.

Kwa vijana wasiomkumbuka: Powell alizaliwa Harlem mwaka 1937, wazazi wake wahamiaji kutoka Jamaica. Aliingia jeshini, akapigana Vietnam, akapanda mpaka kuwa ofisa wa juu kabisa wa majeshi ya Marekani wakati wa Vita vya Ghuba vya 1991. Mwaka 2001 akawa waziri wa kwanza mweusi wa mambo ya nje wa nchi hiyo, chini ya George W. Bush. Mrepublican. John McCain, aliyegombea mwaka ule kwa tiketi ya chama hicho, alikuwa rafiki yake wa miaka zaidi ya 20, na mwaka mmoja kabla Powell alikuwa amemchangia dola 2,300 za kampeni.

Asubuhi ile nilikuwa zamu kwenye nyumba ya kulea wazee huku Virginia. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, mwanajeshi mstaafu, Republican wa kufa mtu, ambaye kila Jumapili lazima aangalie kipindi cha siasa cha NBC. Nilipotaka kuondoa sinia la uji akanishika mkono, nisimpite mbele ya televisheni. Powell alikuwa anazungumza na Tom Brokaw taratibu, kama mtu anayesoma hesabu za kikoba: uchumi umeporomoka na McCain anaonekana hajui ashike wapi, mgombea mwenza wake Sarah Palin hayuko tayari kuwa rais ikibidi, chama kimezidi kuelemea upande mmoja. Mwisho akasema atampigia kura Barack Obama.

Mzee wangu alikaa kidogo, kisha akasema: "Huyu ameitumikia nchi, ana haki ya kusema." Nikamuuliza, na wewe? "Mimi ni wa McCain." Akaomba kahawa. Basi. Hakuona kwamba Powell amemsaliti mtu, na yeye mwenyewe hakubadilika hata nukta.

Kilichonigusa mimi zaidi hakikuwa kura. Ilikuwa ile sehemu ya Uislamu.

Wanaoishi huku wanakumbuka hali ilivyokuwa. Uvumi ulikuwa umetapakaa kwamba Obama ni Muislamu wa kificho, na neno Muislamu lilikuwa linatajwa kama ugonjwa. Mimi ni mtoto wa Tanga, kazini navaa mtandio wangu. Siku tisa kabla, kwenye mkutano wa McCain kule Lakeville, Minnesota, mama mmoja alisimama akasema hamwamini Obama kwa sababu ni Mwarabu. McCain akamchukua kipaza sauti: hapana mama, ni mtu wa heshima, mwenye familia yake, raia. Alisifiwa sana, na kwa kweli kuwakatalia wafuasi wako mbele ya kamera si jambo dogo. Lakini mimi niliondoka na swali: yaani ukiwa Mwarabu ndiyo huwi mtu wa heshima?

Powell aliliona hilo. Alisema Obama ni Mkristo, siku zote amekuwa Mkristo, ila jibu lenyewe hasa ni: na angekuwa Muislamu je? Kuna ubaya gani kuwa Muislamu katika nchi hii? Mtoto wa Kiislamu wa miaka saba, Mmarekani, akiamini kwamba anaweza kuwa rais, kuna kosa? Halafu akaeleza picha aliyoiona kwenye jarida: mama ameegemeza kichwa kwenye jiwe la kaburi la mwanawe huko Arlington, kwenye makaburi ya wanajeshi. Juu ya jiwe hakuna msalaba wala nyota ya Daudi, kuna mwezi na nyota. Jina: Kareem Rashad Sultan Khan, kijana wa New Jersey aliyeuawa Iraq akiwa na miaka 20. Majengo ya New York yalipoangushwa mwaka 2001 alikuwa na miaka 14, akasubiri umri ufike aingie jeshini.

Hapa lazima niseme na lile jingine, maana ukimsifia Powell ukaacha Iraq unadanganya watu. Vita vilivyomuua kijana yule vilinadiwa na mzee huyuhuyu, Februari 5, 2003, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kichupa mkononi, akieleza habari za silaha ambazo hazikupatikana kamwe. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba ni doa kwenye historia yake. Sijui kama alipokuwa anaieleza ile picha alikuwa analifikiria hilo doa. Mimi nilikuwa nalifikiria.

Turudi kwenye chama. Baada ya kauli ile matusi yalikuja, tusidanganyane kwamba Wamarekani ni malaika. Rush Limbaugh, mtangazaji aliyekuwa na masikio ya mamilioni ya Warepublican, alisema ni suala la rangi tu. McCain mwenyewe alijibu kiungwana: nilimheshimu na bado namheshimu, ila na mimi naungwa mkono na mawaziri wanne wa zamani wa mambo ya nje. Mei 2009 Dick Cheney, huyuhuyu wa 2024, akasema alidhani Powell alishahama chama. Powell akajibu: mimi bado Republican. Na ikawa ndivyo. Mwaka 2012 alimuunga mkono Obama tena, 2016 Hillary Clinton, 2020 Joe Biden, huku akijiita Republican. Alipoacha kujiita hivyo ni Januari 2021, baada ya watu kuvamia Bunge, na aliacha kwa hiari yake. Alifariki Oktoba mwaka huohuo.

Kwa nini hawakumfukuza? Sababu moja ni ya kipuuzi kabisa: hakuna ofisi ya kumfukuzia. Nilipopata uraia na kujiandikisha kupiga kura, nilisaka kwenye fomu mahali pa kuandika chama. Hapakuwepo. Virginia, ambako Powell naye alikuwa anaishi, haimwandikishi mpiga kura kwa chama. Majimbo mengine wanauliza, huku hawaulizi. Hakuna kadi, hakuna ada, hakuna tawi lenye mhuri. Nilipomweleza binamu yangu haya, akanijibu: "Basi hicho si chama, hicho ni kijiwe." Nilicheka, lakini hoja anayo. Chama chenye kadi kinajua watu wake, kinazika, kinachangia harusi. Kijiwe hakikuziki.

Sasa tuje Dar es Salaam, Oktoba 2015.

Mzee Kingunge Ngombale-Mwiru alikuwa TANU tangu 1954. Alitumika chini ya marais wanne, na ukitaka kujua itikadi ya CCM ni nini, yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa. Julai ile, vikao vya CCM Dodoma vilipokata jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyeutaka urais, mzee alisema wazi taratibu zimekiukwa. Oktoba 4 akaita waandishi wa habari akatangaza kwamba anaondoka CCM, na kwamba hajiungi na chama kingine chochote. Baadaye tukamwona kwenye majukwaa ya Lowassa, ambaye alishahamia Chadema na kugombea huko.

Jiulize huyo mzee alihitaji nini. Alihitaji kusema kwamba safari hii mgombea wa chama chake si chaguo lake. Kauli moja. Ili aitoe, ilibidi kwanza aache nyumba aliyoijenga kwa miaka 60. Na hakuwa na njia nyingine, maana kumbukumbu ilikuwa bado mbichi: Aprili ya mwaka huohuo Mzee Hassan Nassor Moyo, mtu wa Mapinduzi ya Zanzibar, alivuliwa uanachama, na wala hakuwa amempigia debe mgombea wa mtu. Alikuwa tu na msimamo wake kuhusu Muungano.

Siku ile nilimpigia simu mjomba, balozi wa nyumba kumi, ambaye nilipokuwa mdogo alikuwa akimnukuu Kingunge kama mashehe wanavyonukuu vitabu. Akaniambia: "Yule mzee kachanganyikiwa, mwanangu. Wamempa nini?"

Wamempa nini. Hapo ndipo penyewe. Neno la mtu anayeheshimika lina thamani kwa sababu anasema kinyume na pale anapofaidika. Powell alibaki Republican, kwa hiyo Republican mwenzake aliyekuwa anasitasita angeweza kujiambia: "huyu ni wetu, na yeye kasema". Kwetu, dakika ile unapofungua mdomo unakuwa si wetu tena, na neno la asiye wetu halimsogezi mtu. Tunamwondolea mzee uzito wake halafu tunashangaa mbona hana uzito.

Na hili limo mpaka kwenye sheria. Katiba ya nchi, ibara ya 71, inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge unakwisha. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania hilo maisha yake yote, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika, hapohapo Arusha, ilimpa ushindi. Sheria haikubadilika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, siku ileile Kingunge aliyotangaza kuondoka.

Matokeo yake ni siasa ya kubeba virago. Lowassa aliyesomwa kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007 akainuliwa mkono na Chadema haohao mwaka 2015, akapata karibu asilimia 40 ya kura, na Machi 2019 akarudi CCM akisema amerudi nyumbani. Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani aliyekuwa amehama, naye akarudi. Wale mamilioni waliowafuata wakabaki wamesimama kituoni. Lowassa angekuwa na nafasi ya kukaa CCM na kuipinga CCM kwa kura moja, labda safari yote ile isingehitajika. Kuhusu uchaguzi wa 2025 sina hata la kulinganisha: chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi ya kura na mwenyekiti wake alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini.

Wakenya watasema wao hawana tatizo hili. Ni kweli, wana jingine. Raila alisema "Kibaki Tosha" mwaka 2002 na ikatosha kweli. Uhuru alimwacha naibu wake mwenyewe akamuunga mkono Raila mwaka 2022, na Mlima Kenya haukumfuata. Lakini vyama vya Kenya huzaliwa na kufa kila uchaguzi, kuvuka mpaka si kitu pale ambapo mpaka wenyewe umechorwa kwa chaki.

Na huku Marekani nako wameanza kutuiga, hilo niliseme kabla hamjalisema nyinyi. Novemba 2021 Warepublican wa Wyoming walipiga kura kwamba hawamtambui tena mbunge wao Liz Cheney, binti wa Dick, kuwa mwenzao, kwa kumpinga Trump. Mwaka uliofuata alibwagwa vibaya kwenye kura za maoni. Leo angetokea Powell mwingine, sidhani kama mzee wangu wa uji angesema ana haki ya kusema. Nimeshuhudia jirani zangu wawili, wote Warepublican, wameacha kusalimiana kwa ajili ya bango moja la kwenye uwanja.

Najua mtaniambia nilishaukana uraia, sina kura, nikae na Virginia yangu. Sawa. Kura sina, mjomba ninaye, na pesa za dawa zake hazijawahi kuulizwa uraia.

Ninaowataka waanze si wabunge, maana mbunge anatetea mkate wake na simlaumu. Ni wastaafu. Marais wastaafu, mawaziri wakuu wastaafu: pensheni yao, gari, ulinzi, vyote viko kwenye sheria ya nchi, si kwenye hisani ya chama. Chama kikiwavua kadi, kitawapunguzia nini? Powell naye alikuwa mstaafu. Mmoja wao akisema "mimi ni mwana-CCM, na kura yangu mwaka huu ni ya fulani", kazi ya kumfukuza waachiwe wenyewe, na sisi tuone watamfukuza kwa maneno gani.