Viendelezi vya vivinjari: nani anayeamua?

Novemba 2017, Mozilla ilipotoa toleo la 57 la kivinjari chake Firefox, maelfu ya viendelezi vya zamani, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari ili kukipa uwezo zaidi, vilikufa kwa mpigo. Vilikuwa na uwezo wa kugusa karibu kila sehemu ya kivinjari, na kila toleo jipya likitoka baadhi yao vilivunjika. Watumiaji wengi walikasirika, nami nawaelewa, maana vingine havikupata mrithi hadi leo. Faida yake ni kwamba mfumo uliochukua nafasi unafanana na wa Chrome, kivinjari cha Google, kwa hiyo mtengenezaji huandika programu moja akaipeleka Chrome, Edge, Opera na Firefox kwa marekebisho machache. Safari, kivinjari cha Apple, nayo ilijiunga mwaka 2020, ingawa kampuni hiyo hutoza watengenezaji dola 99 kwa mwaka, na wanaogawa kazi yao bure wengi huishia hapo.

Ukitazama juu juu, basi, vivinjari vyote vimekuwa sawa. Tofauti iko ndani.

Ukurasa mmoja unapofunguka, kivinjari hutuma maombi mengi kwenye seva mbalimbali: ya maandishi, ya picha, ya matangazo, ya vifuatiliaji, yaani vinavyorekodi unachofanya mtandaoni. Zamani kizuia matangazo kama uBlock Origin kililikagua kila ombi kabla halijatoka, kisha chenyewe kikaamua lipite au lizuiwe. Katika mfumo wa Google uitwao Manifest V3, kiendelezi hukabidhi orodha ya kanuni, na kivinjari ndicho kinachozitekeleza. Chrome ilianza kuzima viendelezi vya mfumo wa zamani mwaka 2024. Firefox imeuhifadhi uwezo ule wa awali.

Google inasema mabadiliko haya ni kwa ajili ya usalama, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Kinachoona kila ombi kinaona maisha yako yote ya mtandaoni. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana, kiliuzwa kwa mmiliki mpya, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilibeba msimbo hatari. Manifest V3 inakataza kiendelezi kuendesha msimbo unaopakuliwa kutoka nje, na hilo naliunga mkono bila shaka yoyote. Tena uBlock Origin Lite, toleo lililoundwa kwa mfumo huo, ni jepesi na linawatosha watu wengi.

Lakini tuangalie ni kitu gani hasa kilichoondolewa. Chini ya Manifest V3, kiendelezi chenye ruhusa bado kinaweza kuyatazama maombi yanavyopita. Kilichonyang'anywa ni kuyazuia kwa uamuzi wake chenyewe. Mpelelezi anahitaji kutazama tu; anayehitaji kuzuia ni mlinzi. Na mwenye kuweka sharti hili ni kampuni ambayo mapato yake makubwa hutokana na matangazo. Sidai kwamba usalama ni kisingizio, ila mgongano wa maslahi upo wazi, na Google haijautendea haki.

Firefox nayo haijasalimika. Mei 2019 cheti kimoja cha kidijitali cha Mozilla, kinachotumika kuthibitisha kwamba viendelezi ni halali, kilipitwa na muda, na viendelezi vikazimika kwa watumiaji karibu wote duniani, ishara kwamba hata huko ufunguo haumo mikononi mwa mtumiaji. Kwenye Android, kuanzia 2020 iliruhusu viendelezi vichache mno, hadi Desemba 2023 ilipofungua mlango kwa mamia.

Hata hivyo, kwa kazi ya kuzuia vifuatiliaji naichagua Firefox, na sababu yangu kubwa imo ndani ya Chrome yenyewe. Google haikuufuta uwezo wa kuzuia maombi kwa kila mtu. Umebaki kwa viendelezi vinavyowekwa kwa sera na wasimamizi wa kompyuta za mashirika. Kama msimamizi wa ofisi anaaminiwa kuipima hatari ya uwezo huo na kuuruhusu, mwenye kompyuta yake nyumbani ananyimwa kwa hoja gani?