Usihesabu K, Hesabu Digrii

Kwenye vibanda vya VR (miwani yenye skrini inayokuzungushia picha pande zote) katika moli za Nairobi, ahadi ni ileile: video ya 4K, yaani yenye pikseli 3,840 kwa upana, kama uko pale pale. Mteja anavaa miwani, simba wanaonekana kama wako nyuma ya pazia, na lawama zote zinaangukia miwani. Mara nyingi miwani inasingiziwa.

Jicho halijali skrini ina pikseli (vile vidoto vinavyounda picha) ngapi kwa jumla. Linajali ni ngapi zinazoingia katika digrii moja ya kile linachokitazama. Macho ya 6/6, yaani yenye uoni wa kawaida, hutofautisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii, yaani yanataka pikseli 60 kwa digrii. Miwani ya VR ya Quest 2 inatoa kama 20, Quest 3 kama 25. Peleka hesabu hiyo stejini: tarakimu za urefu wa sentimita 10 kwenye matatu ya 46 utazisoma zikiwa mita 69 hivi. Ndani ya Quest 3, subiri gari lifike mita 29. Hapo makanga ameshakuita mara tatu.

Sasa ile 4K. Pikseli zake 3,840 zimetandazwa kuzunguka digrii zote 360. Gawanya, upate kama 11 kwa digrii, hata nusu ya uwezo wa Quest 3 haifiki. Video ya 8K inafika 21. Kununua miwani mpya ili uonyeshe video ileile ni kubadilisha sufuria na mchele ukabaki na mawe yake. Afadhali mandhari inayochorwa na programu papo hapo, maana hiyo hutumia pikseli zote zilizopo.

Kosa la pili ni la bure kabisa kurekebisha. Quest 2 ina nafasi tatu za umbali kati ya lenzi zake mbili: milimita 58, 63 na 68. Mteja huachiwa ile ya aliyemtangulia, na lenzi zake zikikaa kando ya mboni, picha inafifia na kichwa kinaanza kuuma. Pima umbali kati ya mboni kwa rula mbele ya kioo, uchague nafasi iliyo karibu nao: funga jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto, kisha, bila kusogeza kichwa wala rula, funga la kushoto na usome ilipo mboni ya kulia. Sekunde 20.

Kuhusu kungoja miwani ya pikseli 60, usikae macho. Kwa upana na urefu wa digrii 110, kila jicho lingehitaji pikseli milioni 44 hivi. Quest 3 ina milioni 4.6. Njia ya mkato ipo, kwa sababu jicho huona vizuri eneo dogo tu, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Miwani inayofuatilia mboni huchora hapo kwa ukali na kwingine kwa ulegevu. Quest 3 haina vihisi hivyo.

Na jioni, kabla ya kufunga kibanda, funika lenzi. Jua la asubuhi likizipiga kupitia dirishani, miale hukusanyika na kuunguza skrini, na doa hilo halitoki.