Kitonga, Lærdal na Majani ya Barabarani

Ninaishi Bergen, nchini Norwe, na kila ninapokutana na Watanzania wenzangu wa huku husikia barabara za nyumbani zikipimwa kwa kauli moja: wenzetu wana mahandaki, sisi tuna foleni ya malori. Kauli hiyo niliikubali bila kuihoji mpaka likizo iliyopita, nilipomwendesha baba yangu kutoka Mikumi hadi kwetu Tukuyu, naye akiwa ameketi kiti cha mbele, mkongojo wake katikati ya magoti, akiitazama barabara kana kwamba usukani uko mikononi mwake.

Baba si abiria wa kawaida. Mwaka 1970 alianza kazi ya utingo katika lori lililopeleka mizigo Zambia na kurudi na shaba. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walikuwa wamejitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, na Zambia, ambayo biashara yake ilizoea kupita kusini, ikalazimika kuitegemea bandari ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lakini reli ya TAZARA ilikuwa bado, na lami ilikuwa haijafika kila mahali.

Tulipoiacha mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda mlima Kitonga, tulijikuta nyuma ya lori lililokwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nilitaka kulipita. Baba akanionyesha indiketa ya kulia iliyokuwa ikiwaka: dereva wa mbele alikuwa ananiambia nisithubutu. Baada ya kona mbili ikawaka ya kushoto, nami nikapita. Mtu nisiyemjua, ambaye hata uso wake sikuuona, alikuwa amenichungia roho yangu.

Nilimsimulia baba habari za handaki la Lærdal, katika njia ya kutoka Bergen kwenda Oslo, lililofunguliwa mwaka 2000 na lenye urefu wa kilomita 24.5. Ukiingia humo, mlima wote unaupita kwa dakika 20 hivi bila kuona hata jiwe lake la juu. Kwa kuhofia kwamba madereva wangesinzia, wajenzi walichonga ndani mapango matatu mapana na kuyawekea taa za buluu, zenye rangi ya manjano pembeni, ili mtu ahisi kwamba kunakucha. Baba alicheka hadi akakohoa. "Yaani wamechimba pango ili dereva asilale? Sisi kazi hiyo ilikuwa ya utingo." Kisha akatulia, akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na gari likiharibikia mle ndani, nani anawawekea wenzake majani?" Alimaanisha matawi ya miti ambayo dereva wa kwetu huyalaza barabarani kuwaonya wengine kwamba gari lake limekwama mbele.

Nilimweleza kwamba ziko simu za dharura ukutani, na kwamba njia inaweza kufungwa mara moja. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa ughaibuni, wa pande zote mbili. Wanaozidharau barabara zetu hawaoni kwamba indiketa na matawi ya miti ni utaratibu kamili, uliotungwa na madereva wenyewe bila bajeti ya mtu yeyote. Wanaozisifia kwa sababu eti nyumbani kuna utu nao wananichosha, maana utu haushiki breki za lori lililozidisha uzito. Handaki la kilomita 24 hatulihitaji. Tunahitaji sehemu pana za kuegesha lori bovu kwenye kila mlima mkali, na hizo hazihitaji utajiri wa Norwe.

Tulilala Iringa. Kesho yake misitu ya Sao Hill na upepo wa Makambako vilipita haraka, kwa kuwa baba alisinzia. Aliamka Chimala, akanyoosha mkongojo kuelekea ukuta wa mlima ambako barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina hilo kwa idadi ya kona zake, inapanda kwenda Matamba na Kitulo. Nilimwuliza kama tujaribu. "Mwanangu, mimi nimestaafu," akanijibu.

Uyole tulikata kushoto. Karibu na Isongole ukungu ulishuka hadi kwenye kioo, na ghafla nikaona matawi yamelazwa barabarani, nikakanyaga breki. Hapakuwa na lori. Majani yalikuwa yamekauka. Aliyeyaweka alikwisha kutengeneza gari lake na kuondoka zamani.

"Huyo si dereva," baba alisema kwa hasira ambayo sijaiona kwake kwa miaka mingi. "Simamisha gari, uyatoe."

Katika miaka yangu yote ya Norwe sijawahi kushuka garini barabarani kwa ajili ya mtu mwingine. Niliegesha pembeni na kuanza kuyakokota matawi hadi mtaroni, huku baba, aliyekataa kabisa kubaki garini, akiwa amesimama hatua chache nyuma yangu, mkongojo juu, akiyaashiria magari yaliyokuwa yakitoka ukunguni yapunguze mwendo.