Mshale, adui aliyekufa na anwani iliyobaki: kupima Rust, Zig, Odin na C++ katika utengenezaji wa michezo

Chukua mchezo wa kompyuta wenye mpiga mishale. Mchezaji anaachia mshale unaomfuata adui mmoja, na ili umfuate, mshale lazima ujue taarifa za adui huyo zimehifadhiwa wapi katika kumbukumbu ya kompyuta. Kabla haujafika, adui anauawa kwa silaha nyingine, na nafasi aliyokuwa ameishika katika kumbukumbu inaachiwa ili itumiwe na kitu kingine. Fremu inayofuata, yaani picha inayofuata katika mfululizo wa picha zinazounda mchezo, mshale unasoma anwani ileile. Katika C na C++ hakuna kanuni inayosema kitakachotokea hapo: pengine mchezo utazimika ghafla, pengine mshale utaanza kulifuata sanduku la hazina lililopewa nafasi ya marehemu, na pengine hakuna kitakachoonekana mpaka mchezo uwe mikononi mwa wanunuzi. Mabishano mengi ya miaka hii kuhusu lugha za programu za mifumo, yaani zile zinazofanya kazi karibu na mashine yenyewe, kama C++, Rust, Zig na Odin, yanaweza kupimwa kwa mshale huo, kwa kuwa kila lugha ina namna yake ya kuukabili, na kila namna ina gharama.

Gharama ya kwanza ni muda. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde una takriban milisekunde 16.7 za kukamilisha kila fremu, na ule wa fremu 120 una milisekunde 8.3 tu. Ndani ya muda huo ni lazima ukokotoe migongano ya vitu, mienendo ya wahusika, sauti na picha yenyewe. Ndiyo sababu watengenezaji wa michezo huzitilia shaka lugha zinazosimamia kumbukumbu zenyewe kwa kukusanya takataka, yaani kumbukumbu isiyotumika tena, kila baada ya kitambo, maana hakuna anayetaka usafi huo uanze katikati ya pambano. Hofu hiyo ina msingi hata nje ya michezo: mwaka 2020 kampuni ya Discord ilieleza jinsi ilivyohamisha huduma yake moja kutoka lugha ya Go, yenye ukusanyaji huo, kwenda Rust, kwa kuwa ukusanyaji wa takataka ulikuwa ukisababisha ucheleweshaji uliojirudia kila baada ya dakika 2 hivi. Hata hivyo hoja hii isigeuzwe kuwa sheria isiyovunjika. Michezo mingi iliyotengenezwa kwa injini ya Unity, yaani programu ya msingi inayojengewa michezo, imeandikwa kwa C#, lugha yenye mkusanya taka, na injini ya Unreal, ambayo ni ya C++, ina mkusanya taka wake wa kushughulikia vitu vya mchezo. Kinachowaumiza watengenezaji hasa ni kutokuwa na usemi juu ya lini kazi hiyo ifanyike.

Upande wa Rust unaanza na jibu kali. Lugha hii iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006, ikafadhiliwa na Mozilla, na kufikia toleo la 1.0 mwezi Mei 2015, haina mkusanya taka, lakini pia haimwachii mwandishi wa programu uhuru wote. Kila thamani ina mmiliki mmoja. Wengine wanaweza kuiazima: ama wengi kwa pamoja kwa ajili ya kusoma tu, ama mmoja peke yake kwa ajili ya kubadilisha, na hakuna uazimaji unaoruhusiwa kudumu kuliko mmiliki. Mshale uliobeba rejeo la moja kwa moja, yaani kiungo kinachoelekeza mahali alipo, la adui anayeweza kufa kabla yake hautapita, kwa sababu kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, itakataa kuitafsiri programu hiyo tangu mwanzo.

Ushahidi wa faida ya ukali huo ni mzito. Mwaka 2019 Microsoft ilisema kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka unatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu, na mwaka uliofuata mradi wa kivinjari cha Chromium ukatoa kiwango kama hicho kwa hitilafu zake kubwa za usalama. Kwa upande wa Android, Google iliripoti kuwa sehemu ya udhaifu wa aina hiyo ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024, na jambo la kuzingatia ni kwamba msimbo wa zamani haukuandikwa upya wote. Kilichofanyika ni kuandika msimbo mpya kwa lugha salama na kuuacha ule wa zamani ukomae. Anayetaka kuona kosa la aina hii kwa mfano mmoja akumbuke Heartbleed ya mwaka 2014 katika OpenSSL, maktaba ya programu inayolinda mawasiliano ya mtandao: programu iliamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuukagua, na kwa kila ombi ikaweza kumwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva.

Wapo watakaojibu kwamba takwimu hizo ni za mifumo endeshi na vivinjari, vitu vinavyowindwa na wavamizi usiku na mchana, na kwamba mchezo wa mtu mmoja usiounganishwa na mtandao hauna cha kuibiwa. Hoja hii inastahili kusikilizwa kwa uaminifu, kwa sababu kwa sehemu ni ya kweli. Sheria inayoamua mshale unapunguza uhai wa adui kwa kiasi gani haisomi chochote kutoka kwa mtu asiyejulikana. Lakini mchezo wa kisasa si sheria hizo tu. Unapokea vifurushi vya data kutoka kwenye kompyuta za wachezaji wengine, unafungua ramani na nyongeza zilizotengenezwa na watu baki, unasoma picha na sauti zilizobanwa kwa mbinu tata. Katika sehemu hizo mchezo hauna tofauti na kivinjari, na anayezipuuza kwa hoja ya kwamba ni mchezo tu anawaweka hatarini watu waliomwamini kiasi cha kusakinisha programu yake.

Basi kompaila ya Rust ikishaukataa mshale wetu, mwandishi anafanya nini? Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu, na hapa ndipo watetezi wa pande zote mbili hupita haraka mno. Dunia ya mchezo ni utando: mshale unamjua adui, adui anamjua jemadari wake, jemadari ana orodha ya askari, kamera inawafuatilia wote. Umiliki wa Rust unapenda umbo la mti, wenye shina moja na matawi yasiyorudi nyuma. Ili kuupatanisha utando na mti, waandishi wengi huweka maadui wote katika safu moja, yaani orodha yenye nafasi zilizopangwa kwa namba, na kumpa mshale namba badala ya anwani: mfuate adui namba 17. Kompaila inaridhika, kwa kuwa namba si rejeo. Lakini adui namba 17 akifa na nafasi yake ikapewa adui mpya, mshale utamfuata asiyehusika, wala kompaila haitasema neno. Dawa iliyozoeleka ni kuiambatanisha namba hiyo na namba ya kizazi inayoongezeka kila nafasi inapobadili mwenyeji, ili mshale ukiuliza habari za namba 17 ya kizazi cha 3 na sasa kipo kizazi cha 4, ujibiwe kwamba unayemtafuta hayupo.

Dawa hiyo ndiyo inayotumiwa na Bevy, injini ya michezo ya Rust iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2020, ambamo kila kiumbe hutambulishwa kwa namba na kizazi chake. Dawa hiyohiyo imo katika Unreal, kwenye vielekezi vyake dhaifu, yaani viungo visivyokizuia kitu kufutwa, vinavyobeba namba ya kitu pamoja na namba ya mfuatano. Kwa maneno mengine, Rust na C++, lugha mbili zinazodaiwa kupingana, zimefika kwenye suluhisho moja, na katika zote mbili suluhisho lilibuniwa na watu, halikutolewa na kompaila. Anayedai kwamba Rust imelifuta tatizo la mshale anadai zaidi ya haki yake.

Hata hivyo, haifuati kwamba lugha hizo zimelingana. Namba iliyokosewa katika Rust humpata adui asiye sahihi, au huisimamisha programu kwa utaratibu endapo imevuka mwisho wa safu. Anwani iliyokosewa katika C++ huondoa dhamana zote, na kompaila ina ruhusa ya kuutafsiri msimbo kana kwamba kosa hilo haliwezi kutokea kamwe. Kosa la kwanza unaweza kulirudia na kulifuatilia hadi chanzo chake; la pili linaweza kuonekana kwenye faili nyingine kabisa, dakika 20 baadaye. Kwa maoni yangu tofauti hiyo pekee ina thamani kuliko sifa nyingine nyingi zinazotajwa, na inazidi kukua programu inapogawa kazi kati ya viini vingi vya prosesa. PlayStation 5 ina viini 8, na anayetaka kuvitumia vyote lazima ahakikishe kwamba hakuna kimoja kinachoandika pale kingine kinaposoma. Kanuni ya wasomaji wengi au mwandishi mmoja inazuia jambo hilo kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Makosa ya namna hii hutokea mara moja kati ya maelfu, na humaliza nguvu za watu wenye uwezo mkubwa.

Zig na Odin zimechagua njia ya kati, ingawa kila moja kwa sababu zake. Zig, kazi iliyoanzishwa na Andrew Kelley, inasisitiza kwamba pasiwe na jambo lililofichika: maktaba yake ya msingi humtaka mwandishi apitishe kigawa kumbukumbu, yaani sehemu inayotoa na kupokea nafasi za kumbukumbu, kwa kila kipande cha msimbo kinachokihitaji, na msimbo uleule wa lugha unaweza kuendeshwa wakati wa kutafsiriwa bila kuhitaji lugha nyingine ya makro, yaani ya kuzalisha msimbo. Ukitafsiri kwa hali ya majaribio au hali salama, mipaka ya safu hukaguliwa. Ukichagua hali ya kasi, ukaguzi huo huondolewa. Odin, iliyobuniwa na Bill Hall, inaelekea moja kwa moja kwenye kazi za picha na michezo, kwa kuwa vekta, matriksi na kwaternioni, aina za hesabu za kueleza mahali na mzunguko wa vitu, ni sehemu ya lugha yenyewe, na data inaweza kupangwa kwa mtindo unaoipendeza kache, kumbukumbu ndogo na ya haraka ya prosesa, kwa tamko moja. EmberGen, programu ya kuigiza moto na moshi, imeandikwa kwa Odin, kwa hiyo hatuzungumzii jaribio la kitoto.

Mshale wetu unapata nini huko? Haupati ulinzi wa kompaila, lakini unapata mazingira yanayopunguza nafasi za kukosea. Kwa kuwa kigawa kumbukumbu kinaonekana wazi, mwandishi anaweza kutenga bwawa moja kwa vitu vyote vya fremu na kulimwaga kwa mkupuo fremu inapoisha, badala ya kuachia kimoja kimoja na kusahau vingine. Mbinu hiyo si ngeni, hata C inaiweza, ila lugha inayoiweka mbele hufanya itumike. Tatizo la Zig ni jingine: haijafikia toleo la 1.0, na mabadiliko kati ya matoleo huvunja msimbo uliokuwa ukifanya kazi. Kwa mradi wa miaka minne au mitano, hilo si dogo.

Upande unaoipinga Rust una hoja moja ambayo naiona nzito kuliko zote, nayo ni ya ubunifu. Mchezo mzuri haujulikani kabla ya kutengenezwa. Mtu hujaribu mshale unaofuata adui, anaona hauna raha, anajaribu mshale unaogawanyika, halafu mshale unaomgeukia aliyeuachia, na kila jaribio linapaswa kuchukua dakika chache. Katika Rust, wazo linalotaka kitu kimoja kiguse data ya kingine bila kutarajiwa linaweza kulazimisha mpangilio mzima ubadilishwe kabla ya kujua kama wazo lenyewe lina faida, na utafsiri wa miradi mikubwa ni wa polepole. Watetezi wa Rust husema kwamba usumbufu huo hulipwa baadaye kwa makosa machache. Ni kweli kwa msimbo utakaodumu, lakini majaribio mengi hutupwa, na hakuna faida ya kuimarisha kitu kinachokwenda jalalani.

Kuhusu C++, ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuijenga mwaka 1979, nguvu yake kubwa leo iko katika mazingira yake kuliko katika lugha yenyewe. Injini za Unreal na Godot zimeandikwa kwayo, na zana za watengenezaji wa mashine za michezo huja kwa C na C++. Vielekezi janja, vinavyoachia kumbukumbu vyenyewe, vilivyoletwa na toleo la C++11 vimepunguza makosa mengi, ila ni hiari, na hiari huchoka tarehe ya kutoa mchezo inapokaribia.

Kwa timu inayoanza leo bila mzigo wa msimbo wa zamani, ningeshauri sehemu zinazopokea data kutoka nje, yaani mtandao, faili za wachezaji na usomaji wa picha na sauti, ziandikwe kwa Rust, na sheria za mchezo ziandikwe kwa lugha nyepesi ambayo timu inaimudu, iwe Odin, C# au C++ ya injini iliyopo. Mgawanyo huu nao una gharama, kwa kuwa lugha hizi hukutana kupitia kanuni za C, na kwenye mpaka huo dhamana za Rust hukoma. Msimbo wa pale lazima utangazwe kuwa si salama na ukaguliwe kwa macho ya binadamu. Ndiyo maana mpaka wenyewe unapaswa kuwa mwembamba, na kinachouvuka kiwe namba na kizazi chake: upande mmoja uuambie mwingine kwamba adui namba 17 wa kizazi cha 3 ameondoka, na anwani ya kumbukumbu ibaki upande ulioitoa.