Usiniambie nifute keshi

Juzi nimefungua akaunti yangu ya bili nikakaribishwa kwa jina la mama nisiyemjua. Namba ya mita yake, deni lake, simu yake, vyote mbele yangu. Nikaupakia ukurasa upya, akaja mzee mwingine kabisa. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa watu akanijibu kwa upole: "Pole sana kaka. Futa keshi ya simu yako, toka, halafu ingia upya."

Hivi keshi ya simu yangu, yaani nakala za kurasa ambazo simu imejitunzia, imemjulia wapi huyo mama?

Dada simlaumu, anasoma alichoandikiwa. Hasira zangu ni kwa mafundi wa mifumo wenzangu waliomwandikia. Simu hii naishika mimi tu. Jina lile limetumwa na seva yenu, kompyuta inayotutumia kurasa. Na kila mteja mnayemwambia atoke na kuingia upya, mnafuta ushahidi: ilikuwa saa ngapi, alikuwa ukurasa gani, alimwona nani. Malalamiko yanafungwa, "limetatuliwa", na mahali fulani kuna mtu ametulia anasoma deni langu.

Halafu kuna yule fundi anayefungua laptop yake, anaingia na akaunti yake, anaona jina lake, anatangaza: "Mbona kwangu iko sawa?" Lazima iwe sawa, uko peke yako! Data za watu hazichanganyiki mtu mmoja akitumia mfumo. Zinachanganyika pale maombi ya kurasa ya watu wawili yanapokutana kwenye kitu wanachochangia: keshi iliyo mbele ya seva, miunganisho ya hifadhidata, au kile kigeu cha pamoja, kisanduku ndani ya programu, ambacho mtu alikitunzia "mtumiaji wa sasa" kana kwamba seva nzima ina mteja mmoja.

Mimi huanza na hiyo keshi ya mbele ya seva. Inafanya kazi kama mama lishe anayepakua sahani mapema kabla foleni ya mchana haijajaa. Wote wakiwa wanakula wali maharage, hakuna ugomvi. Nakubali, siku ya matokeo ya kidato cha nne bila keshi seva ingelala chali. Lakini ukurasa wa matokeo ni ule ule kwa kila mtu, ukurasa wa deni langu ni wangu. Fungua zana za kivinjari, soma jibu la seva. Kama ukurasa wa akaunti hauna Cache-Control (mstari wa kuiambia keshi ihifadhi nini) yenye private au no-store, na mbele yake mmeweka CDN, yaani mtandao wa seva za kugawa nakala, mkaiagiza ihifadhi kila kitu, umeshampata mchawi. Na Mungu apishe mbali iwe imehifadhi na kuki ya kuingilia, kile kitambulisho kinachoiambia seva wewe ni nani: hapo anayefuata haishii kuchungulia akaunti ya mwenzake, anakuwa yeye.

Keshi ikiwa safi, tengeneza akaunti mbili za majaribio, zitumie kwa mpigo mmoja, maombi mengi, mengine uyakatishe njiani, na kila jibu likaguliwe kama lina jina la aliyeuliza. Huko kukatisha njiani sijakutunga. Tarehe 20 Machi 2023 ChatGPT iliwaonyesha watu vichwa vya mazungumzo ya wengine, na kasoro ilikuwa kwenye maktaba (msimbo uliotengenezwa tayari) ya kuzungumza na Redis, hifadhi ya data ya haraka: ombi likikatishwa kabla jibu halijachukuliwa, jibu lilibaki kwenye muunganisho, akaja mwingine akalipokea kama lake. Asilimia 1.2 ya waliolipia Plus, huduma yake ya kulipia, na kuutumia mfumo ndani ya kipindi fulani cha saa tisa huenda walianikwa mpaka tarakimu nne za mwisho za kadi. Mwenye laptop moja na akaunti moja angeitafuta kasoro hiyo mpaka astaafu.

Ila kabla ya kutafuta chochote, zima mfumo. Hapa sina mjadala na mtu. GitHub, tovuti ambako mafundi hutunza msimbo wao, ilikadiria kwamba sesheni (vipindi vya watu walioingia) zilizopotea njia hazifiki asilimia 0.001, na bado tarehe 8 Machi 2021 iliwatoa watumiaji wote nje waingie upya. Sheria nayo haikusubiri: Kenya inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, na Tanzania sheria yetu ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023.

Najua bosi atasema kuzima kunakata mapato. Sawa, kunakata. Siku ya Krismasi 2015, keshi ya Steam, duka la michezo ya kompyuta mtandaoni, iliyopangwa vibaya wakati wakipambana na shambulio ilianza kugawa kurasa za akaunti za watu, takriban watumiaji 34,000 ndani ya saa moja na nusu. Walipogundua walilifunga duka lote, katikati ya msimu wao wa punguzo la bei. Wewe na tovuti yako ya bili, Jumanne saa nne asubuhi, unaogopa kupoteza nini?