Imani ya watoto wetu ughaibuni haitoshelezwi na Jumapili

Nyumbani, hata mzazi Mkristo asipofundisha chochote, mtoto hukua akijua Baba Yetu. Bibi anasali kwa sauti kabla ya kulala, jumuiya inakutana nyumba kwa nyumba, kwaya inafanya mazoezi jioni huku watoto wakichungulia dirishani. Huku ughaibuni hayo hayapo, na wengi wetu tumeitwika ibada ya Jumapili mzigo wote. Haiuwezi. Yale ambayo mtaa ulitufanyia, huku lazima tuyapange wenyewe.

Kinachotangulia kuharibika ni lugha. Mtoto anaitikia "Amina" pamoja na wote, lakini muulize "ufalme wako uje" maana yake nini, atakutazama tu. Mwache aombe kwa lugha anayotumia hata kugombana na wenzake. Kiswahili kibaki kwenye nyimbo na sala za kukariri, kila kifungu kikielezwa polepole. Anayeomba kwa lugha ya wazazi tu huishia kudhani kwamba Mungu naye ni wa wazazi.

Ndani ya nyumba, dakika 10 baada ya chakula cha jioni zinatosha, simu zikiwa mbali na meza. Anzeni na Injili ya Marko, sura 16 za matukio mafupi mafupi. Tukio moja kwa jioni: mtoto asome, kisha aulizwe nani amefanya nini, na kipi hajakielewa. Kila mmoja aombe sentensi moja, basi. Utaratibu huu hufa pale mzazi anapougeuza mahubiri ya nusu saa, au anapochagua aya ya kumsuta mtoto aliyekosea mchana. Mkikosa siku nne, endeleeni mlipoishia, msifidie. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, alipotoa Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, alimwelekeza mwenye nyumba aifundishe nyumba yake. Kwa hiyo tusimwachie mwalimu wa shule ya Jumapili kila kitu.

Usharika nao una sehemu yake. Vijana wengi hupotea baada ya kipaimara, yaani ibada ya kuthibitisha imani ya ubatizo, kwa kuwa tumekifanya kama mahafali. Dawa ni kuwapa kazi mapema. Kijana wa miaka 12 anaweza kusoma somo la ibada, ila apewe Jumatano, alisome kwa sauti mara mbili mbele ya mzee wa kanisa, na Jumamosi ajaribu kipaza sauti. Akikabidhiwa karatasi mlangoni Jumapili asubuhi, atakwama kwenye jina la kwanza gumu na hatarudi tena mbele. Kila kijana pia awe na watu wazima wawili wasio wazazi wake, wanaomjua kwa jina na kumuulizia asipoonekana. Wakutane naye mahali panapoonekana na watu, wazazi wakijua. Katika 2 Timotheo 2:2 mnyororo wa kupokezana imani ni wa vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa nao.

Kuna jambo moja ambalo huku naona kuna nafuu. Nyumbani, mtoto akiuliza "mnajuaje kwamba Mungu yupo?" huenda akaambiwa hana adabu. Huku anauliza waziwazi, na hiyo ni nafasi ya kufundisha. Kama hujui, mwambie hujui, andikeni swali pamoja, mlipeleke kwa mchungaji wiki hiyohiyo, na mtoto awepo jibu likitolewa.