Mitokondria zimekwenda wapi?

Swali lilitoka nyuma ya darasa, saa kumi na moja jioni, kwenye tuisheni yangu hapa Chake Chake. Nilikuwa nimeshamaliza kuchora ubaoni hatua zote za mitosisi, yaani seli moja kugawanyika kuwa mbili: profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Kromosomu nilizipaka chaki nyekundu, zikajipanga katikati, zikavutwa huku na huku, mwisho seli mbili. Binti mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono.

"Maalim, zile mitokondria, vile vinu vya nguvu za seli ulivyotuchorea wiki iliyopita, zimekwenda wapi?"

Nikageuka kuutazama ubao. Kweli, hazimo. Vifuko vya Golgi, vinavyofungasha protini za seli, navyo havimo. Utando wa kiini nimeufuta kwa kidole mwanzoni na kuurudisha mwishoni, bila kusema nani kauvunja wala nani kaujenga. Ndivyo nilivyofundishwa skuli, na ndivyo ninavyofundisha mwaka baada ya mwaka.

Naandika haya kwa sababu naona tunawanyima watoto sehemu tamu kuliko zote ya somo hili. Tunawapa majina ya hatua wayakariri, halafu tunawaficha amri inayoziendesha hatua hizo. Na seli bila amri haigawanyiki.

Amri yenyewe inatoka kwa protini iitwayo CDK1. Kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Fosfeti ni kitu kidogo sana, lakini ina chaji hasi, na protini ikibandikwa hugeuka umbo: iliyokuwa imeshika huachia, iliyokuwa imelala huamka. CDK1 haifanyi kazi hiyo peke yake. Lazima ishikane na mwenzake, saiklini B, ambayo seli huilimbikiza kidogo kidogo mpaka itoshe. Ikishatosha, CDK1 inawaka na fosfeti zinabandikwa kila upande kwa muda mfupi.

Utando wa kiini ndani yake umetandikwa wavu wa protini zinazoitwa lamini. Lamini zikibandikwa fosfeti, wavu unafumuka nyuzi moja moja, na utando unakosa wa kuushikilia. Utando ule haukuyeyuka wenyewe, wala kromosomu hazikuupasua. Umefunguliwa kwa amri.

Golgi ndiyo iliyonivutia zaidi. Katika seli iliyotulia ni mrundo wa vifuko bapa, vimepangana kama sahani kabatini. Vijifuko vidogo vinang'oka hapa na kutia nanga pale. Vinavyofika hushikwa na protini ndefu kama kamba, p115, ambayo nayo imefungwa kwenye protini ya Golgi iitwayo GM130. CDK1 inaibandika GM130 fosfeti, na p115 inachomoka. Vijifuko vinaendelea kung'oka kama kawaida, lakini vinavyorudi havina tena pa kufunga kamba. Ule mrundo unamalizika wenyewe, sahani baada ya sahani, mpaka seli nzima imejaa vipande vidogo vidogo.

Kwa nini seli ijiharibie hivyo? Hapo nilimpa yule binti mfano wa diko, kwa sababu nilijua babake anavua. Chombo kikishuka na nguru mmoja mkubwa na wenye haki wakiwa wawili, hapana kugawana mpaka kisu kipite. Kikishuka na dagaa, mnachota kwa ndoo, ndoo yako, ndoo yangu, na hapana atakayelalamika kapunjwa ingawa hapana aliyehesabu. Seli inaigeuza Golgi yake dagaa. Tena si jambo la hiari: watafiti walipoizuia Golgi isikatike, seli ilisita kuingia katika mgawanyiko.

Na mitokondria, tuliyoulizwa? Hizo nazo hukatwa. Tunazichora kama maharage, lakini katika seli nyingi ni nyuzi ndefu zilizoshikamana. CDK1 huibandika fosfeti protini moja iitwayo Drp1, na Drp1 huuzunguka uzi wa mitokondria kama mkanda, ikakaza mpaka uzi ukatike. Hili haliwezi kuachwa kwa bahati, kwa sababu seli haina uwezo wa kutengeneza mitokondria kutoka hewani. Kila mitokondria imetokana na mitokondria nyingine. Seli changa isiyopewa fungu lake haina pa kulipata.

Baada ya hapo saiklini B inatiwa alama ya kuharibiwa na kuvunjwavunjwa, na CDK1 inazimika. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, vinapita kubandua fosfeti zilizobandikwa. Lamini zinafumana upya, p115 inarudi kwa GM130, na vipande vya Golgi vinapangana tena katika kila seli changa. Kwa seli za binadamu, mitosisi nzima huchukua kama saa moja. Nikilifikiria hili usiku, nyumba nzima kubomolewa na kujengwa mbili kwa saa moja, na kila tofali kujua lini liachie na lini lishike, nasema Subhanallah, na silioni kuwa jambo dogo.

Wengi watasema hayo ni ya chuo kikuu, mtoto wa kidato cha nne atayafanyia nini. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anayeweza kukariri majina manne ya kigeni anaweza kuelewa kwamba protini moja inaibandika nyingine na nyingine inaachia. Hilo la pili ni rahisi zaidi, kwa sababu lina sababu ndani yake.

Isitoshe, habari hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Hamira ambayo mwanasayansi Mwingereza Paul Nurse aliitumia kuchunguza jeni ya CDK1 jina lake la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe, neno letu hili hili. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka 1893, baada ya kuipata katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Darasa lilicheka nilipolitamka, kisha likanyamaza niliposema kwamba mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walionyesha kuwa jeni ya binadamu, ikitiwa ndani ya hamira hiyo, inaweza kushika kazi ya jeni yake iliyoharibika.

Saiklini nayo ilipatikana kwa mnyama tunayemfahamu. Mwanasayansi Tim Hunt, mwaka 1982 huko Woods Hole, Marekani, alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba pande zote. Mayai yake yakirutubishwa hugawanyika kwa pamoja, na Hunt akaona protini inayoongezeka, kisha kutoweka ghafla, mgawanyiko baada ya mgawanyiko. Ndugu zake wenye miiba myeusi wamejaa kwenye miamba yetu. Ndio wanaowachoma kina mama wa mwani miguuni, tukatafuta utomvu wa papai. Hunt, Nurse na mwenzao Mmarekani Leland Hartwell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Shangazi yangu aliugua saratani ya titi. Alipoanza kupoteza nywele aliniuliza dawa inajuaje nywele. Nilimwambia haizijui. Inakwenda kwa seli zinazogawanyika kwa haraka, na mashina ya nywele yamo miongoni mwao. Akaniambia, "Basi ungenieleza hivyo tangu mwanzo, mwanangu, nisingeogopa namna hii." Leo ziko dawa zinazolenga amri yenyewe, kama palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, inayozuia CDK4 na CDK6, ndugu wa CDK1. Watoto wetu watakaokuwa wauguzi watayakuta maswali kama la shangazi, na majina manne ya hatua hayatawajibia.

Jumatatu tulianza somo upya. Kabla ya kitu chochote nilichora mitokondria, nyuzi ndefu za chaki ya kijani zilizotapakaa seli nzima. Nikamwita yule binti mbele. Alilowesha ncha ya kidole, akazikata moja moja, taratibu, vipande vikajaa pande zote mbili za ubao. Kromosomu tulizichora mwisho.